Muziki Wenyewe Haukufika Laki Mbili

Daftari langu la matumizi la mwaka 2022 lina ukurasa mmoja nilioupigia mstari mwekundu: safari ya London kusikiliza tamasha la muziki, kwa shilingi. Pasipoti, 150,000. Maombi ya viza, mara mbili, kama 560,000. Tiketi ya ndege iliyopotea, 1,900,000. Tiketi ya ndege niliyosafiria, 2,600,000. Bima, chakula na nauli za London kwa siku 11, kama laki nane. Tiketi za muziki, usiku tano, kama 190,000. Jumla ni milioni 6.2, na theluthi nzima ilikwenda kwa makosa ambayo mtu angeniambia mapema nisingeyafanya. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtunza ghala wa kampuni binafsi Morogoro, na jioni ni mwalimu wa kwaya parokiani. Kazi ya kwaya nimeifanya miaka 19. Muziki nimejifunza kwa solfa, kama walimu wengi wa kwaya nchini: do, re, mi zimeandikwa ubaoni kwa chaki, kila sauti na mstari wake, soprano juu, besi chini. Kila Pasaka tunaimba Aleluya Kuu ya Handel, na kila Pasaka nilijiuliza wimbo ule unasikikaje ukiimbwa na watu mia mbili, kinanda cha mabomba na okestra kamili. Kwenye simu nilishausikia mara nyingi sana, lakini kwenye simu besi haipo.

Tamasha nililolichagua ni Proms ya London. Lilianza mwaka 1895 katika ukumbi wa Queen's Hall, likiongozwa na Henry Wood, na nia tangu mwanzo ilikuwa mtu wa kipato cha chini asikie muziki mkubwa kwa bei anayoimudu. Ukumbi ule ulipigwa bomu Mei 1941, tamasha likahamia Royal Albert Hall, na liko huko mpaka leo. Linachukua wiki nane hivi, kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba, na karibu kila usiku kuna onyesho. Kilichonivuta ni hiki: sakafu ya katikati, mbele kabisa ya wanamuziki, haina viti. Watu wanasimama. Mwaka ule tiketi ya kusimama ilikuwa pauni 6, ukiongeza ada ya kukatia mtandaoni bado hufiki pauni 10, na inauzwa siku ileile ya onyesho.

Ratiba ilitoka mwishoni mwa Aprili. Niliisoma usiku nikaona The Dream of Gerontius, kazi ya kwaya na okestra ya mtunzi Mwingereza Elgar, tarehe 31 Agosti. Nikaona Simfonia ya Tisa ya Beethoven tarehe 2 Septemba. Nikaona Missa Solemnis, misa ya Beethoven huyohuyo, tarehe 7, na tarehe 8 okestra ya Philadelphia kutoka Marekani. Nilishindwa kulala. Asubuhi nikaanza kufanya mambo kwa pupa.

Pupa ya kwanza ilikuwa tiketi ya ndege. Niliona bei nzuri, wakala akaniambia ubalozi hauwezi kukupa viza bila kuona tiketi, nikalipa. Si kweli. Kwa viza ya matembezi ya Uingereza hakuna anayekudai tiketi iliyolipiwa, na maelekezo yao wenyewe yanakushauri usilipie safari kabla ya viza kutoka. Ile niliyoinunua ilikuwa ya aina isiyorudishwa pesa. Ukiulizwa mpango wa safari, andika tarehe unazokusudia na makadirio ya gharama. Inatosha.

Pupa ya pili iliniumiza zaidi, na nadhani itawaumiza wengi wetu kwa sababu inatokana na jinsi tunavyotunza pesa. Mshahara wangu unapita benki, lakini siku hiyohiyo nautoa. Akiba yangu iko kwenye kikoba, nyingine kwenye simu, nyingine ni mali. Kwa hiyo taarifa yangu ya benki ilionyesha mtu asiye na kitu. Wiki mbili kabla ya kuomba viza nilikusanya mgao wa kikoba, nikauza pikipiki, nikamkopa kaka yangu milioni tatu, nikaingiza milioni saba benki kwa siku moja. Niliamini nimejenga hoja. Kumbe nimejibomolea.

Jibu lilichukua wiki sita. Kwa kawaida wanasema wiki tatu, lakini mwaka ule vita ya Ukraine ilikuwa imewaelemea, na foleni ya viza za matembezi ilirefuka dunia nzima. Bahasha niliifungulia stendi ya daladala. Barua ilisema hawajui fedha ile imetoka wapi, haifanani na kipato changu, na hawakuridhika kwamba nitaondoka mwisho wa ziara. Pauni 100, ada ya mwaka ule, hazikurudi. Kwa viza ya aina hii kwa kawaida hakuna rufaa pia. Unaomba upya na kulipa upya. Sikumwambia mtu siku tatu, hata mke wangu. Siku ya mazoezi nilisimama mbele ya kwaya nikashindwa kutoa sauti ya kuanzia.

Aliyenitoa pale ni mke wangu, baada ya kuikuta barua kwenye mfuko wa suruali. Hakunilaumu. Aliisoma mara mbili, akasema, "Baba Teresia, hawa hawajasema huna pesa. Wamesema hawaijui pesa yako. Basi watambulishe."

Tukawatambulisha. Nilimrudishia kaka yangu milioni zake zote tatu. Katibu wa kikoba akaniandikia barua yenye kiasi na tarehe ya mgao, tukaambatanisha nakala ya kurasa za daftari la michango. Mkataba wa kuuza pikipiki ukawekwa. Mwajiri wangu aliandika tangu lini nimeajiriwa, mshahara wangu, tarehe za likizo na tarehe ninayotakiwa kurudi kazini. Barua yake ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo nililipia mtafsiri anayetambulika, kwa sababu kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri yenye jina, sahihi na mawasiliano ya aliyetafsiri. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa vikaingia. Mwenyeji wangu wa London alituma barua ya mwaliko na uthibitisho wa makazi. Na mahali pa sababu ya safari, ambapo mara ya kwanza niliandika "utalii" tu, sasa niliandika majina ya maonyesho, tarehe zake, na kwamba mimi ni mwalimu wa kwaya. Salio la benki lilikuwa dogo kuliko la kwanza. Viza ilitoka tarehe 22 Agosti, na ndipo nikakata tiketi ya ndege kwa bei ya wiki ya mwisho.

Kama una nia ya safari ya namna hii hata miaka miwili ijayo, anza leo kuacha pesa benki. Kidogo kidogo, kila mwezi, bila kuzoa zote. Historia ya akaunti haitengenezwi kwa wiki mbili.

Nilifika London tarehe 30 Agosti asubuhi, baada ya usiku mzima na kubadilisha ndege njiani. Mwenyeji wangu ni dada wa muumini mwenzetu, muuguzi, anaishi East Ham, mashariki ya jiji. Kutoka pale treni ya District inakwenda moja kwa moja mpaka South Kensington, kisha unatembea dakika kumi na tano hivi kupita makumbusho hadi ukumbini. Mahali pa kulala pakiwa mbali si tatizo kama ni njia moja ya treni. Nauli unalipa kwa kugusisha kadi ya benki mlangoni, na mfumo una kikomo cha siku: ukifika kiwango fulani hukatwi tena. Tumia kadi ileile moja siku nzima, la sivyo unahesabiwa kama watu wawili.

Usiku wa pili nikaenda kwenye Gerontius. Hapa nilikosea tena. Kazi ile ni kama saa moja na dakika 35, na usiku ule haikuwa na mapumziko. Sikuwa nimelala vizuri, sikuwa nimekula tangu mchana kwa kuogopa bei, na nilivaa viatu vipya vya ngozi nilivyonunulia safari. Sehemu ya pili ilipokolea magoti yakaanza kutetemeka. Mama mmoja mzee aliyesimama pembeni yangu, mtu mzima kunizidi kwa miaka mingi, akanisogezea chupa yake ya maji bila kusema neno. Nikanywa, nikaegemea chuma cha mbele. Hapo ndipo kwaya ikaingia na "Praise to the Holiest".

Nitajaribu kueleza. Kabla yake muziki ulikuwa unapanda taratibu, sauti za chini chini, kama watu wanaokuja kutoka mbali. Kisha kwaya yote, okestra yote na kinanda vikafunguka kwa pamoja. Kinanda cha ukumbi ule kina mabomba 9,999, na besi yake sikuisikia masikioni kwanza. Ilipanda kutoka sakafuni kupitia nyayo. Nililia. Miaka 19 nimeandika mistari ya besi ubaoni, na siku ile nilijua besi ni nini.

Maneno yale ni ya Mtakatifu John Henry Newman, na Elgar aliyatungia muziki mwaka 1900. Onyesho la kwanza kule Birmingham liliharibika. Mwalimu wa kwaya alikuwa amefariki miezi michache kabla, na kwaya ikaingia jukwaani bila mazoezi ya kutosha. Niliisoma habari hiyo kwenye treni nikirudi East Ham, na nilimwonea uchungu yule mwalimu kama ninayemfahamu.

Dada alinipokea mlangoni. "Mwalimu, umekula?" Nikasema bado. Akanikalisha, akanipakulia wali na maharage saa sita usiku, akaniambia kesho nitatoka na chakula kwenye chombo na nitavaa raba. Tangu siku ile nilikula saa kumi jioni, kwenye benchi la bustani mbele ya ukumbi, na sikuteseka tena. Msione aibu kubeba chakula. Wenyeji nao wanabeba.

Tarehe 1 Septemba niliamka nikitaka tiketi ya siku hiyo, nikaikosa kwa sababu ya kijinga. Mwaka ule tiketi za kusimama zilifunguliwa mtandaoni saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa tayari na kadi yangu ya benki ya nyumbani. Nikajaza kila kitu, na mwisho benki ikataka namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini ilikuwa imekufa tangu uwanja wa ndege, maana sikuwa nimeifungulia huduma ya kutumika nje. Kabla ya kuondoka nyumbani, nenda kwenye duka la mtandao wako wakuwashie huduma ya nje, na nenda benki uwaambie nchi unayokwenda na tarehe. Kwangu mimi, kuanzia siku ya pili yake Dada alinikatia kwa kadi yake nikamlipa taslimu.

Simfonia ya Tisa ya tarehe 2 ilipigwa na okestra ya Chineke!, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku, ambaye baba yake ni Mnigeria, ili wanamuziki Weusi na wa jamii nyingine zilizoachwa pembeni wapate jukwaa. Walianza na Lilacs ya George Walker, mtunzi Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki, mwaka 1996. Nilisimama mita chache tu kutoka jukwaani, nikawatazama watu wanaofanana na binamu zangu wameshika fidla na honi, na nikawafikiria vijana wangu wa sauti ya tatu wanaoulizwa nyumbani kwao huu muziki wa wazungu unawasaidia nini. Beethoven anaichelewesha sauti ya binadamu mpaka sehemu ya nne. Zaidi ya dakika arobaini ni vyombo tu, kisha mwimbaji mmoja wa besi anasimama na kusema kwa Kijerumani: enyi marafiki, si sauti hizi. Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

Tarehe 3 nikawasikia Wajerumani wa Berlin wakipiga Simfonia ya Saba ya Mahler. Ilikuwa nzuri mno, lakini nilikuwa nimejaa, na nakiri sikuishika. Ukipanga safari, usijaze kila usiku. Sikio linachoka kama mguu.

Jumapili nilisali kanisa la Oratory, barabara ya Brompton, umbali wa kutembea kutoka ukumbini. Sanamu ya Newman iko nje. Misa ya saa tano inaimbwa kwa Kilatini na kwaya ya kulipwa, na kuingia ni bure. Kwa mwalimu wa kwaya Mkatoliki, saa ile ina thamani sawa na onyesho lolote la jioni. Na Jumatano, kwenye Missa Solemnis, nilikutana na kitu kingine. Kwaya ya Monteverdi iliyoimba chini ya John Eliot Gardiner ni ndogo ukilinganisha na ile ya Gerontius. Nilisikiliza vinywa vyao. Herufi ya mwisho ya neno ikifika, wote wanaifunga pamoja, kama mlango mmoja. Nilichora alama kwenye mkono kwa kalamu nisisahau.

Tarehe 8 ndiyo niliyoiwekea matumaini yote tangu mwanzo. Ndiyo tiketi pekee ya kiti niliyonunua, mwezi Mei, kama pauni 40, hata kabla ya viza. Nilipika ugali kwa Dada mchana, nikapiga pasi shati. Jioni, nikiwa njiani, watu kwenye treni walianza kuangalia simu zao na kunyamaza. Malkia Elizabeth alikuwa amefariki. Ukumbini tulikaa kwenye viti vyetu, tukatangaziwa kwamba onyesho halitaendelea. Okestra ikapiga wimbo wa taifa wao, watu wote tumesimama, kisha Nimrod ya Elgar, dakika chache tu, na tukatoka. Maonyesho yaliyobaki yote, na ule Usiku wa Mwisho wa tarehe 10, yakafutwa.

Nilitembea chini ya mvua hadi stesheni. Moyoni kulikuwa na huzuni mbili: msiba wa watu wale, ambao niliuheshimu, na safari yangu. Lakini wazo moja lilinijia kwenye treni na halijaniacha. Nimrod ni picha ya rafiki wa Elgar aliyeitwa August Jaeger, mtu wa Novello, kampuni ya kuchapa muziki. Ndiye aliyemsumbua Elgar mpaka akaiandika upya sehemu moja ya Gerontius kwa sababu aliona haijafika inapostahili kufika. Na Novello hao ndio waliochapa nyimbo za kwaya kwa solfa kwa bei nafuu, solfa ile aliyoisambaza mchungaji John Curwen wa Uingereza kutoka kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ikaletwa kwetu na wamisionari. Kwa hiyo ubao wangu wa Morogoro na zile dakika chache za Nimrod vina ukoo mmoja. Kama ningekuja kwa usiku ule mmoja tu, nikaketi kwenye kiti changu cha pauni 40 na kurudi nyumbani, ningekuwa nimepata hizo dakika chache peke yake. Nilichobeba kimetoka kwenye zile tiketi za kusimama ambazo sikuziwekea matumaini makubwa wakati napanga.

Niliondoka tarehe 10. Pauni zilizobaki nilinunulia kitabu cha nota cha Gerontius, kilichotumika, dukani kwa vitabu vya zamani. Kimejaa maandishi ya penseli ya mwimbaji wa alto nisiyemjua: "pumua hapa", "usiburute", "mwangalie mwalimu".

Mmoja wa soprano wetu anataka kwenda. Ameanza kuacha elfu hamsini benki kila mwezi, na nimemkataza kabisa kugusa tiketi ya ndege. Mimi nahamisha "Praise to the Holiest" kwenye solfa, ukurasa mmoja kwa wiki. Ni ya kwaya mbili, sisi tuko 34, kwa hiyo nimechukua mwanzo tu. Jumamosi iliyopita tulifika ukurasa wa nne. Herufi za mwisho zimeanza kufungwa pamoja. Besi bado wanashuka.